Karatasi ya Tatu

Mwanangu Somoe,

Salamu sikuandikii, maana tumelala nyumba moja, tumeamka nyumba moja, na kabla uji haujapoa tulikuwa tumeshagombana. Sasa umekwenda kusukwa kwa Mama Anjela. Nawajua wale, wanasuka mistari miwili, wanaweka chanuo chini, wanaanza kusema watu. Kwa hiyo nina nafasi mpaka saa kumi. Kesho alfajiri unapanda gari la Masasi kwenda kwenye uuguzi wako, na mimi nitakuwa pale stendi nimeshika ndoo yako, nakwambia mambo ya ndoo.

Habari za kuchemsha maji, za kufunga sanduku na za kutomwazima mtu kandambili hutaziona humu. Kijiji kizima cha Mkunya kimeshakuambia. Mimi nina jambo moja, na limenikera miaka saba.

Lakini kwanza wewe umenikera. Tangu juzi ni karatasi, karatasi, karatasi. "Mama, cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Mama, cha kumaliza shule je? Chuo kinataka zote." Nimepekua sanduku mpaka kiuno kimeuma. Nikakupa mbili. Ukaziweka kwenye mfuko wako wa nailoni, ukanitazama, ukauliza tena, "Ndizo zote, mama?" Nikakujibu kwa ukali, "Ndizo zote! Unataka nizae nyingine?" Ukacheka. Mimi nikageuka nikajitia kupepeta mtama ambao nilikuwa nimeshaupepeta.

Halafu leo asubuhi ikaja habari ya bweni kujaa. Nikakuambia mama yako mdogo, Halima, ametuma ujumbe kuwa kwake kuna chumba, na kutoka kwake mpaka chuoni ni kwa mguu tu. Ukaweka kikombe chini. "Siwezi kulala kwa mwizi. Nitalala hata varandani kwa watu." Nikakuambia chunga mdomo wako, yule ni mama yako. Ukanijibu, "Mama, si wewe mwenyewe ulisema ni mwizi?"

Ndiyo, nilisema. Ndiyo maana niko hapa na kalamu.

Ile kesi ya shamba wewe uliijua kwa vumbi la miguu yangu tu. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulijua mama kaenda mahakamani, mama karudi, mama hataki kuulizwa. Sasa nakusimulia yote, na nikianza kujitetea katikati, wewe ruka mstari.

Bibi yako kabla hajafa aligawa shamba la mikorosho. Upande wa barabara akampa Halima, upande wa ndani akanipa mimi, na mpaka ukawa njia ya kwenda majini, tunakoteka maji. Si njia ya msikitini, iliyo ndani zaidi kupita mikorosho yangu. Njia ya majini. Nakuandikia mara mbili maana kesi yote ilikuwa hapo. Katibu wa kijiji aliandika kwenye karatasi ya daftari, bibi akatia dole gumba, mimi na Halima tukatia sahihi na madole pia, na karatasi akapewa Njomba Issa, kaka yake bibi. Ndivyo tunavyofanya sisi: karatasi ya ukoo hailali kwa mwenye mali, inalala kwa njomba, ili wenye mali wakikosana asiwepo wa kuichana. Njomba akaitia kwenye kopo la maziwa, akalining'iniza juu ya jiko, kwenye moshi, mdudu asifike.

Miaka ile shamba halikuwa na maana. Watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini, mikorosho imemezwa na majani. Kisha serikali ikatoa ruhusa ya biashara. Wanunuzi binafsi wakajaa, korosho ikawa korosho tena, na watu ambao hata rangi ya salfa ya kupulizia mikorosho walikuwa hawaijui wakawa wanajua mipaka ya mashamba kuliko sisi. Mmoja wao alikuwa Bwana Fidelisi. Alitaka mahali pa kujenga ghala, karibu na barabara. Akamfuata Halima, na Halima akamuuzia upande wake, kisha akahamia Masasi kufungua genge la mitumba.

Hakuniuliza. Hilo ndilo kosa lake lote, Somoe. Nilisikia kwa mtu, kisimani, mbele ya wanawake kumi. Nilikasirika mpaka nikaangusha ndoo, na ndoo ya maji kwetu huku si kitu cha kuangusha. Mikorosho aliyopanda mama yetu, mdogo wangu anaiuza kama fungu la mihogo! Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua kuwa Halima hakuwa na haki ya kuuza. Mpaka jioni nilikuwa nimeshaamua kuwa hakuwahi kupewa kitu. Nikaita ukoo, nikasema mimi ni mkubwa, shamba lote ni langu, Halima kauza cha mtu. Njomba Issa alikuwepo. Alinitazama tu, akaomba moto wa kuwashia sigara yake.

Na Bwana Fidelisi alipoona ndugu hawaelewani, akavuta uzio mpaka njia ya msikitini, akachukua na upande wangu. Karatasi yake ya mauzo ilisema "kutoka barabarani mpaka njiani". Njia gani? Haikusema. Basi nikaenda kushtaki, na kwa hasira zangu nikadai lote, la ndani na la barabarani. Wakili Deusi, yule kijana wa Bukoba aliyekuwa akija hapa na viatu vya kung'aa, akaniuliza, "Mama, kuna maandishi yoyote ya familia?" Nikasema hakuna.

Mimi nilidhani mahakamani utaulizwa shamba ni la nani. Wapi! Nilikwenda mara kumi na nne, Somoe, na hakuna aliyeniuliza habari ya mkorosho hata mmoja. Mara ya kwanza shauri "limekuja kwa kutajwa". Limetajwa, nenda nyumbani. Mara ya pili kutajwa. Nikamuuliza Wakili Deusi, mbona hili linatajwa tu, kwani ni marehemu? Akasema kabla ya kusikilizwa lazima kila upande uonyeshe mwenzake karatasi alizonazo, asije mtu siku ya mwisho akachomoa kitu mfukoni. Ni jambo la haki, akasema. Nikasema sawa, basi Fidelisi aonyeshe.

Fidelisi akasema hati yake imeliwa na mchwa. Tukabishana mwezi mzima juu ya mchwa. Hakimu, yule mama mwenye miwani ya kamba, akatoa uamuzi mdogo: mdaiwa alete hati ndani ya siku ishirini na moja. Akaleta nakala kivuli, nyeusi tii, hata jina la Halima halisomeki. Mchwa wamekula hati lakini wamebakiza nakala! Tukabishana juu ya nakala. Uamuzi mwingine: alete hati halisi, asipoleta utetezi wake utafutwa. Akaileta, nzima, haina hata tobo. Siku ile nilichinja kuku, na firigisi nikakupa wewe. Nilicheka mpaka machozi kwa ajili ya wale mchwa. Kumbuka nilivyocheka, maana baadaye nitakuhitaji ukumbuke.

Kisha zamu ikawa yangu. Wakili wa Fidelisi akaomba na mimi niape orodha ya karatasi zangu. Wakili Deusi akaandika kiapo, akanisomea: kwamba sina hati nyingine yoyote inayohusu shamba hili, mikononi mwangu, au katika milki yangu, au katika uwezo wangu. Mimi nikasikia mikononi. Nikatazama mikono yangu. Ilikuwa myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, na kweli haikuwa na kitu. Karatasi iko kwa njomba, nikajisemea, si kwangu. Sijasema uongo. Nikaapa, nikatia sahihi, nikaenda kununua chumvi.

Nikuambie kweli? Nilijua. Mtu anayesema kweli hahitaji kutazama mikono yake.

Miezi miwili baadaye upande wa Fidelisi ukaleta kiapo cha Halima. Nikajiandaa kusikia uongo. Kikasomwa pale, na mdogo wangu alikuwa ameapa hivi: mama yetu alitugawia, upande wa barabara ni wangu na nimeuza, upande wa ndani ni wa dada yangu na sikuuuza, mpaka ni njia ya majini, na karatasi iko kwa mjomba wetu. Fidelisi mwenyewe aligeuka akamtazama wakili wake. Halima aliitwa na adui yangu, akaenda akasema lililo la haki yangu, na mimi nilikuwa nimekaa pale nimemnunia.

Hakimu akanigeukia.

"Mama, karatasi hii ipo?"

"Mheshimiwa, mikononi mwangu haipo."

"Sikuuliza mikononi. Ipo?"

"Iko kwa njomba."

"Ukienda leo ukamwomba, atakupa?"

Nikatazama tena mikono yangu. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa panapouma.

"Atanipa," nikasema.

"Basi iko mikononi mwako. Nakupa siku kumi na nne uilete."

Huo ndio uamuzi, Somoe. Maneno mawili matatu, na nimeshindwa kuyasahau. Nimeyajibu usiku na mchana, jikoni, shambani kwa watu. Nimemwita yule mama majina yote. Na kila nikimaliza kumtukana naona alisema sawa.

Nilikwenda kwa Njomba Issa siku ya tatu. Nilimkuta anachonga mpini.

"Shikamoo, njomba."

"Marahaba, ntoto wangu. Umefuata kopo."

"Nimefuata useme karatasi imeliwa na mchwa."

Aliacha kuchonga. Alitazama juu ya jiko, kopo likining'inia pale jeusi kwa masizi, kisha akanitazama mimi.

"Nchwa gani huyo, mwanangu? Anapanda moshi?"

"Njomba, nikiipeleka, Halima ataonekana ana haki."

"Kwani hana?"

Nikainama kuokota vibanzi vya mpini wake. Akasema, "Mimi kazi yangu kutunza. Ukiitaka sasa hivi naishusha. Ukitaka uongo, huo usiuchukue hapa. Katafute kwako."

Nikautafuta kwangu. Siku ya kumi na nne nilisimama mahakamani, mimi mama yako niliyechinja kuku kwa ajili ya kuwacheka mchwa wa Fidelisi, nikasema karatasi imeliwa na mchwa.

Hakimu alivua miwani. "Mchwa wa huko kwenu wana bidii," akasema. "Walianza na hati ya mdaiwa, sasa wamekula ya mdai." Watu wakacheka, hata karani. Kisha hakimu hakutania tena. Akaandika, akasoma: mdai ameamriwa kutoa hati iliyo katika uwezo wake, amekaidi, shauri lake limefutwa. Lote. Halikusikilizwa hata siku moja. Fidelisi akabaki na uzio wake mpaka njia ya msikitini, kwa sababu aliyekuwa anauliza alikuwa amefukuzwa mlangoni.

Nje Wakili Deusi alikuwa karibu kulia. "Mama, ile karatasi ilikuwa inakushindia upande wa ndani! Mpaka njia ya majini! Ungeipeleka tu, nusu ilikuwa yako." Nilimwambia asinipigie kelele, mimi si mtoto. Akatulia, akasema bado kuna nafasi, tuna siku thelathini za kuomba shauri lirudishwe, niende na karatasi na niombe radhi mbele ya mahakama.

Sasa hapa ndipo nataka ukae vizuri. Hasira ya kisimani unaweza kunisamehe. Kiapo cha mikono mitupu, labda. Lakini nilikuwa na siku thelathini. Kila asubuhi niliamka nikijua kuwa kopo liko juu ya jiko la njomba, mwendo wa kuchemsha maji tu kutoka hapa, na ndani yake lipo shamba lako. Shamba lako, Somoe, maana kwetu shamba la mama ni la binti. Nilichotakiwa ni kusema mbele ya ukoo kwamba Halima hakuiba. Nilishindwa. Siku ziliisha nikiwa napalilia mihogo. Nilipoteza mikorosho sitini ili nisimwambie mdogo wangu maneno mawili.

Na jioni ya siku ya mwisho wewe ukaniuliza, "Mama, shamba letu limekwendaje?" Nikakuambia hakimu amekula, na mama yako mdogo ni mwizi. Ulikuwa mtoto, ukaamini. Yule hakimu hakula kitu cha mtu. Kama kuna aliyekula, ni mimi, nimekula lako.

Unakumbuka siku ulipotoka ndani, ulipotolewa mwali, ngoma uwanjani, umepakwa mafuta unang'aa? Halima alikuja kutoka Masasi. Alileta doti ya kanga, mpya, si mitumba. Ukaipokea kwa mikono miwili, kisha ukamrudishia pale pale mlangoni, ukasema, "Sivai cha wizi." Mimi nilikuwa jikoni, nasikia kila kitu. Nilikuwa na mwiko mkononi na wali ulikuwa unaungua, na sikutoka. Halima akaikunja ile kanga, akaiweka kwenye kikapu chake, akakaa mpaka ngoma ilipoisha, akapiga vigelegele kama wengine. Nimeona aibu nyingi katika maisha yangu lakini ile naiona mpaka leo nikinusa wali ulioungua.

Sikufundishi adabu kwa hadithi hii. Adabu unazo, za kwangu ndizo zilizopungua. Ila wewe unakwenda kuwa muuguzi, na watu watakuficha. Mtu atakuja na mtoto anaungua homa, umuulize amempa dawa gani, atasema hakuna, maana dawa iko kwa bibi, si kwake. Usimpigie kelele kama ninavyokupigia mimi. Muulize kama yule mama mwenye miwani. Muulize, ukiitaka utaipata kwa nani? Mimi nisingeshindwa na swali lingine lolote.

Njomba Issa alikufa mwaka juzi, unajua. Usilolijua ni kwamba baada ya arobaini mkewe aliniita, akanipa kopo. Nimelificha chini ya pipa la mihogo mikavu. Mahakamani halina kazi tena, Wakili Deusi alinieleza, siku zimepita. Kwenye ule msiba Halima alikuwepo. Tulikaa mkeka mmoja kutwa nzima. Nilimgeukia mara tatu, nikiwa nimeshapanga maneno. Mara ya kwanza nikamuuliza hali ya barabara, mara ya pili bei ya vitenge, mara ya tatu kama Masasi kuna mvua. Alinijibu yote vizuri, na alipoaga akasema, "Dada, Somoe akimaliza shule mlete kwangu." Mimi ningekuwa yeye nisingesema hivyo. Ndiyo maana nasema umepata bahati, unakwenda kuishi na yule aliye bora kati yetu.

Kama hutaki, nenda kalale varandani kwa watu, sikulazimishi. Lakini usilale varandani kwa sababu ya uongo wangu. Tafuta sababu yako mwenyewe.

Nikuambie mambo haya kwa mdomo siwezi. Nimejaribu leo asubuhi, ukaona ilivyokuwa, tumeishia kupigiana kelele. Kesho nitakupa bahasha hii ukiwa umeshakaa garini na dereva ameshapiga honi, ili usiweze kushuka. Ndivyo nilivyo mwoga. Ukifika kwa mama yako mdogo, mwamkie vizuri, mpe kilichomo. Dole la katikati ni la kwake, alikuwa na miaka kumi na tisa, alilitia kwa nguvu mpaka wino ukachuruzika, bibi akamcheka. Mwambie nilijua tangu mwanzo. Mwambie hivyo hivyo, usinipunguzie. Na kama ile kanga bado anayo, muombe.

Uliniuliza kama nimekupa karatasi zote. Nilikupa mbili, nikaapa hakuna nyingine. Hii hapa ni ya tatu, inanuka moshi, ishike taratibu kwenye mikunjo. Sina nyingine, mikononi mwangu wala kwa mtu yeyote ninayeweza kumwomba.

Sasa ndizo zote.

Mama yako